Salamu kati ya Woodhead na Korogwe

Mkono wa Mzee ulikuwa ukiendelea na kazi hata yeye mwenyewe akiwa amelala. Nilikuwa nimemvua soksi na kumfunika blanketi miguuni, nikakaa kuandika taarifa ya zamu, ndipo nikauona mkono wa kulia ukisogea juu ya egemeo la kochi. Unasogea kidogo, unatulia. Unasubiri. Unasogea tena. Mara nane au tisa hivi, kisha ukarudi taratibu mpaka ulipoanzia, ukalala. Nikaandika kwenye daftari kwamba mkono wa mgonjwa unatetemeka, daktari aarifiwe. Kesho yake binti yake akayasoma yale maandishi, akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Hatetemeki. Anaendesha treni."

Ilikuwa mwaka 2016, nami nilikuwa nafanya kazi ya kea, kama tunavyoiita wenyewe huku Uingereza, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani kwao, katika mji mdogo wa Hadfield, kaskazini mwa Derbyshire. Treni ya umeme kutoka Manchester inafika pale, inashusha watu, inarudi ilikotoka. Mwisho wa njia. Mbele ya stesheni kuna vilima vya Pennines, na kati ya vilima kuna bonde refu la Longdendale lenye mabwawa ya maji yaliyopangana kama ngazi. Ukisimama pale unaiona kabisa njia pana iliyonyooka, imechongwa ubavuni mwa kilima, inaingia bondeni. Watu wanaitembea na mbwa wao, wengine wanaendesha baiskeli. Nilipita hapo mwaka mzima bila kujiuliza ni nani alichonga njia pana namna ile kwa ajili ya mbwa.

Na mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alikuwa mtu wa gengi, kundi la watengenezaji wa njia, Korogwe, kwenye reli ya Tanga. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtaimbo ulisimama nyuma ya mlango kama vile nyumba nyingine zinavyosimamisha ufagio. Kwa hiyo aibu niliyoipata siku binti wa Mzee aliponieleza ile njia ilikuwa nini, niliipata kweli kweli. Ilikuwa reli ya Woodhead, kutoka Manchester hadi Sheffield, na Mzee alikuwa dereva wake.

Nilimwita Mzee tangu siku hiyo. Awali nilimwita kwa jina lake, kama tulivyofundishwa kazini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu mwenye umri wake na kazi kama yake haitwi jina tupu. Akaniuliza maana ya "Mzee", nikamwambia. Akalitamka mara mbili tatu, akaridhika nalo, na yeye akawa ananiita "kijana wangu". Nusu saa tuliyopangiwa kwa kila zamu ikawa haitoshi. Nikawa nabaki baada ya muda wa kazi kuisha, na chai anatengeneza binti.

Aliingia kazini mwaka 1954 akiwa na miaka 16, kusafisha vichwa vya makaa kwenye banda la Gorton, mashariki mwa Manchester. Huo ndio mwaka umeme ulipoanza kuvuta treni za abiria kutoka Manchester hadi Sheffield, na ndio mwaka handaki jipya la Woodhead lilipofunguliwa. Handaki lile lina karibu kilomita 4.9, njia mbili, limepita chini ya mgongo wa Pennines. Kabla yake kulikuwa na mahandaki mawili ya zamani, la 1845 na la 1852, kila moja njia moja, membamba kama koo. Baba yake Mzee alikuwa mtia makaa enzi hizo. Alimsimulia mwanawe jinsi walivyokuwa wakilowesha vitambaa na kujifunga puani kabla ya kuingia, kwa sababu moshi haukuwa na pa kwenda, na wakati mwingine walilala chini kwenye sakafu ya kichwa kutafuta hewa. Moshi huohuo ulikula kuta za mahandaki mpaka yakawa hayatengenezeki tena. Ndiyo maana likachimbwa la tatu.

"Baba alipita handaki jipya mara moja tu, kama abiria," Mzee aliniambia. "Alifungua dirisha. Alikaa na kichwa nje mwanzo mpaka mwisho, anavuta hewa."

Mpango wa umeme ulikuwa wa miaka ya 1930. Vita ikausimamisha. Kichwa cha kwanza kilikamilika 1941, kabla hata waya wa kukiendeshea haujakamilika, kwa hiyo mwaka 1947 kikaazimwa Uholanzi, ambako vita ilikuwa imeharibu vichwa vingi. Waholanzi wakakipenda, wakakipa jina la Tommy, ambalo ndilo jina la utani la askari wa Kiingereza, na kiliporudi nyumbani mwaka 1952 kikaendelea kuitwa hivyo. Baada yake vikajengwa vingine 57 vya aina hiyo hapohapo Gorton. Kila kimoja tani 88 hivi, na bogi mbili, yaani fremu za magurudumu, zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, hata uzito wa treni nzima ukavutwa na hizo bogi za chini bila kupita kwenye mwili wa juu. Mzee alinieleza jambo hili kwa kushikanisha ngumi zake mbili na kuzivuta. Alisema ukivuta mzigo mzito ulikuwa unausikia mvuto chini ya nyayo, si mgongoni.

Pia kulikuwa na saba vikubwa zaidi vya treni za haraka za abiria, vyenye magurudumu sita mbele na sita nyuma. Hivi vilipewa majina ya wanawake wa hadithi za Wagiriki na Warumi: Electra, Ariadne, Aurora, Diana, Juno, Minerva, Pandora. Mzee aliyataja yote saba kwa mpangilio wa namba zake, bila kukosea, hata kipindi ambacho majina ya wajukuu yalikuwa yanamponyoka.

Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye vile vya mizigo. Ninataka nieleze sababu, maana ndiyo iliyonifundisha mimi kuiangalia reli upya.

Reli ile ilikuwa ya makaa ya mawe. Migodi ilikuwa Yorkshire kusini, mashariki mwa mlima, na walaji, viwanda na mitambo ya kufua umeme, walikuwa Lancashire, magharibi. Kila tani ilipaswa kupandishwa mlima na kushushwa upande wa pili. Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa mpando wa Worsborough, kwenye tawi la kwenda Wath, ambako njia inapanda mita moja kwa kila mita 40. Kwa reli huo ni ukuta. Enzi za mvuke waliweka pale kichwa kimoja aina ya Garratt, chenye nguvu kuliko kingine chochote cha mvuke Uingereza, kazi yake kusukuma treni za makaa kutoka nyuma. Umeme ulipokuja, vichwa viwili vilivuta mbele na viwili vikasukuma nyuma.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya hiyo Garratt. Ilijengwa na Beyer, Peacock, kiwanda kilichokuwa Gorton hiyohiyo, ng'ambo tu ya reli. Kiwanda hicho ndicho kilichojenga, mwaka 1955 na 1956, zile Garratt 34 za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, zilizopewa majina ya milima yetu. Moja inaitwa Mount Shengena. Shengena ni kilele cha Pare Kusini, na treni ya kutoka Korogwe kwenda Moshi inapita chini ya milima hiyo. Nilipomwonyesha Mzee picha yake ikiwa Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, alinyamaza muda. Kisha akasema alipokuwa kijana msafishaji alikuwa akiziona zikitolewa kiwandani kwa vipande zikielekea bandarini, hakuwahi kujua zinapelekwa kwa nani. Nikamwambia: zilikuja kwetu.

Sasa turudi mlimani. Kupandisha mzigo ni shida, lakini dereva yeyote atakwambia kushusha ndiko kunakoua. Mabehewa ya makaa ya zamani hayakuwa na breki za kuunganishwa na kichwa. Enzi za mvuke treni ilisimama juu ya mlima, gadi akashuka kukaza breki za mkono behewa moja baada ya jingine, halafu wakateremka kwa maombi. Kwenye umeme wa Woodhead, dereva alipofika kileleni aligeuza mota ziwe jenereta. Uzito wa makaa ukazisukuma, zenyewe zikaizuia treni, na umeme uliozalishwa ukarudi juu kwenye waya. Treni nyingine iliyokuwa inapanda ikautumia. Kama hakukuwa na ya kupanda, umeme uliobaki ulimalizwa kwa kugeuzwa joto kwenye vituo vya kupozea umeme kandokando ya njia.

"Mlima ulikuwa unatulipa," alisema Mzee. "Nikishuka mimi, mwenzangu anapanda kwa jasho langu. Hatuonani, lakini sindano ya saa ya umeme inaniambia yupo. Ikiruka kidogo, najua amefungua."

Ndipo nikaelewa mkono wake. Ule mwendo wa kusogea na kutulia ulikuwa ni kuongeza umeme hatua kwa hatua, kusubiri treni ijinyooshe, kuongeza tena. Akiharakisha, magurudumu yanateleza au minyororo ya mabehewa inakatika. Miaka 35 baada ya kazi hiyo kwisha, misuli ilikuwa bado inasubiri behewa la mwisho likaze mnyororo wake.

Jioni hiyo nilimpigia baba simu Korogwe. Nilimweleza habari za Mzee kuanzia mwanzo. Baba hakujali sana majina ya Kigiriki. Aliuliza, "Reli yao upana gani?" Nikamwambia milimita 1,435. "Mataruma ya chuma au ya mti?" Alimaanisha vile vipande vinavyolazwa chini ya reli. Sikujua. "Muulize. Na umuulize, hao madereva wa umeme, wakipita gengi njiani walikuwa wanapiga honi, au walikuwa wanapita tu?"

Nikamuuliza. Mzee akajibu kwamba mataruma yalikuwa ya mti, na kwamba dereva asiyepiga honi kwa watu wa njia hakustahili kupewa treni. Nikampelekea baba jibu. Tangu hapo nikawa tarishi. Kila wiki salamu zilikwenda na kurudi, dereva wa Woodhead na mtu wa gengi wa Korogwe, watu ambao hawakuwahi kuonana wala kusikilizana lugha, wanaulizana juu ya kokoto, mvua, na reli inavyotanuka wakati wa jua kali. Mzee hakuamini baba alipomwambia kwamba tembo wa Mkomazi waliwahi kumsimamishia kazi siku nzima. Alinituma niulize mara ya pili.

Swali gumu lilitoka kwa baba. "Kwa nini waliifunga?"

Mzee alinijibu kwa awamu, maana lilikuwa linamuuma. Kwanza ni aina ya umeme wenyewe. Woodhead ilijengwa kwa umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 1,500, uliokuwa bora ulipopangwa. Lakini mwaka 1956 Uingereza ikaamua reli zake za umeme za mbele zitumie mkondo geu (AC) wa volti 25,000. Miaka miwili tu baada ya sherehe za ufunguzi, reli mpya ikawa kisiwa. Kichwa cha Woodhead hakikuweza kwenda mbali zaidi ya waya wake. Treni ya makaa iliyokuwa inakwenda mtambo wa Fiddlers Ferry, karibu na Widnes, ililazimika kusimama Godley, kufungua kichwa cha umeme na kufungwa cha dizeli. Halafu abiria: kati ya Manchester na Sheffield kulikuwa na njia nyingine, ya bonde la Hope, yenye vijiji vingi zaidi, na serikali ikaamua moja inatosha. Januari 1970 treni za abiria zikaondolewa Woodhead. Vile vichwa saba vya wanawake vilikuwa vimeshauzwa Uholanzi, mwaka 1969. Huko sita vikafanya kazi hadi 1986 na kimoja, Minerva, kikawa spea. Mzee na mkewe walivuka bahari mwaka 1985 kwenda kupanda treni inayovutwa navyo, kati ya The Hague na Venlo. Alisema mkewe alilia, yeye hakulia, alikuwa anasikiliza mota.

Baada ya hapo makaa nayo yakapungua, na mitambo ikazeeka yote kwa pamoja kwa sababu ilizaliwa pamoja. Kuibadilisha kungekuwa gharama kubwa kwa njia ya mzigo wa aina moja. Wafanyakazi na vyama vyao walipigana, wakashindwa. Treni ya mwisho ilipita usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 1981.

Baba alisikiliza yote hayo kwenye simu. Alichosema ni hiki tu: "Sawa. Treni zilikoma. Reli je?"

Katikati ya miaka ya 1980 waling'oa reli.

Sijasahau ukimya uliofuata. Nilidhani simu imekatika. Kisha baba akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za msiba, "Waling'oa? Na mataruma?"

Yeye alijua kwa nini anauliza. Miaka ya 1990 treni ya abiria ilikoma kupita Korogwe, na baadaye hata ya mizigo ikakoma. Baba alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Nakumbuka watu walivyofunga mbuzi kwenye reli, walivyoanika mihogo juu ya mataruma. Sehemu nyingine mti mzima ulisimama katikati ya njia. Lakini Jumapili mchana, baada ya kanisa, baba alichukua fyekeo akaenda kufyeka kipande cha nyuma ya nyumba yetu, kama mita 200. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Alifyeka, akapiga reli kwa nyundo ndogo akisikiliza mlio, akarudi nyumbani. Mama alimwambia, "Baba Fulani, unafyekea nani?" Akajibu, "Imelala. Mtu aliyelala humfukuzii nzi?" Nilikuwa kijana wa sekondari na nilimwonea aibu mbele ya wenzangu. Leo aibu hiyo naibeba mimi, si yeye.

Kwa upande wa Woodhead ilitakiwa mtu wa namna hiyo, tena mwenye mamlaka. Kwa miaka michache baada ya 1981 njia ilibaki pale chini ya kutu, na wako waliotumaini. Mzee alisema siku aliyoumia si ile ya Julai 1981. Siku ile alikuwa amejiandaa. Aliumia siku alipopanda basi la kwenda Barnsley na kuona, kutoka barabarani, lori limebeba reli zimefungwa kama kuni.

Mwaka 2018 mimi na binti yake tulimpeleka York, kwenye makumbusho ya taifa ya reli, kumwona 26020. Hiki ndicho kichwa pekee cha aina yake kilichosalia katika vile 58. Kilionyeshwa London kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1951, na kwa ajili hiyo kikawekewa mikono ya kupandia ya chuma kisichoshika kutu, na ndicho kilichovuta treni ya kwanza ya ufunguzi wa handaki jipya, Juni 1954. Nilimsukuma Mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ubavuni. Aliangalia kwanza chini, magurudumuni, si juu kwenye rangi. Akanyoosha mkono akaushika ule mkono wa chuma. Alitumia kidole gumba kuupapasa upande wa ndani, ule usioonekana na watazamaji, akaniita niupapase pia. Kulikuwa na sehemu imelainika kuliko nyingine, imeliwa kidogo. "Hapa," akasema. "Sisi wote tulishika hapa."

Alipokuwa hawezi tena kutoka nje, alinituma niende kwa miguu badala yake. Kutoka Hadfield hadi kwenye mdomo wa handaki la Woodhead ni kama kilomita kumi, mwendo wa kupanda usioisha lakini usiochosha, maana ulichongwa kwa ajili ya treni. Nilimpelekea picha za kila kitu: mawe ya jukwaa la stesheni ya Woodhead yaliyobaki, ukuta, mabwawa. Kitu kilichonishangaza ni nguzo kubwa za umeme. Zinafuata bonde lote, mpaka karibu na handaki, kisha nyaya zinashuka ardhini na kuingia ndani. Zamani nyaya hizo zilipita kwenye moja la yale mahandaki ya zamani, na kati ya 2008 na 2012 zikahamishiwa kwenye handaki la 1954. Wakati ule zilitokea upande wa pili, Dunford Bridge, zikapanda tena nguzoni. Kwa hiyo umeme bado unavuka mlima mle mle, volti 400,000, na hakuna treni ya kuutumia. Nilisimama pale nikazisikia nyaya zikivuma kwenye ukungu. Nikamrekodia Mzee ile sauti. Aliirudia mara tatu.

Desemba 2019, baba alinipigia saa ambayo hakuwahi kunipigia. Kwake ilikuwa usiku wa manane. Katikati ya mwaka ule treni ya mizigo ilikuwa imerudi hadi Moshi, na sasa ilikuwa inakuja ya abiria kutoka Dar es Salaam. Mdogo wangu alikuwa ameshika simu. Picha yenyewe ilikuwa giza tupu na vichwa vya watu, kelele, mama mmoja anapiga vigelegele, halafu taa moja mbali sana, ndogo, ikakua. Baba alikuwa amevaa koti lake la kazini. Nilikuwa kwa Mzee zamu ya jioni, nikamgeuzia simu. Alitazama mpaka taa ikajaa kioo chote na mlio wa breki ukasikika. Kisha akaniuliza, "Hawakuzing'oa?"

Nikamwambia hawakuzing'oa. Walifyeka, wakabadilisha mataruma yaliyooza na kuliwa, wakajaza kokoto, wakajenga upya madaraja yaliyochukuliwa na mvua. Lakini njia ilikuwepo.

"Mwambie baba yako," akasema, "kipande cha nyuma ya nyumba nimekiona."

Hakikuonekana chochote kwenye giza lile. Nilimwambia baba hivyohivyo alivyosema.

Mzee alifariki Machi 2020, nyumbani kwake, kabla ya mambo hayajafungwa kwa korona. Mwezi huohuo mtambo wa Fiddlers Ferry, uliokula makaa yake miaka kumi, ulizimwa nao. Mkono wake ulikuwa umetulia tangu juma moja kabla. Binti yake alinipa saa yake ya mfukoni, nami sikuikubali, nikaomba badala yake daftari dogo alilokuwa akiandika zamu zake za mwaka 1981. Liko mezani ninapoandika haya.

Mwaka 2024 nilikwenda nyumbani nikapanda treni ya umeme ya SGR, Dar es Salaam hadi Dodoma. Waya ule juu ni wa volti 25,000, mkondo geu, kama wa nchi nyingi duniani, na nililiona hilo na kulishukuru kwa namna ambayo nadhani abiria wenzangu hawakuwa na sababu ya kuifikiria. Kwenye mahandaki ya Kilosa watu walipiga picha. Mimi nilifikiria waliopo njiani, kama kuna anayewapigia honi.

Kisha nikaenda Korogwe. Baba sasa haoni vizuri. Alikuwa amekaa barazani, ameegemea ukuta, na kabla hata ya kuniuliza habari za safari akauliza habari za siku ile ya Julai, kana kwamba tulikuwa tumeachia hapo juzi. "Siku ya mwisho ya yule dereva wako. Watu wa gengi walikuwepo njiani?"

Nikamsomea kutoka kwenye daftari. Ijumaa, tarehe 17. Mzee alikuwa na mabehewa matupu anakwenda Yorkshire. Ameandika saa ya kuingia handakini na saa ya kutoka. Chini yake, kwa kalamu ya risasi: Dunford Bridge, watu wanne wa njia, wamesimama, kofia mkononi. Honi tangu mdomo wa handaki mpaka wamepotea.

"Wanne," baba akasema.

"Wanne, baba."

Akaomba daftari, akalishika, akapapasa ukurasa kwa kidole gumba, ingawa asingeweza kuusoma.